Saa 48 za Kutengeneza Filamu: Mlinde Mtoto Kwanza

Je, kijana wako amewahi kukuomba ruhusa ya kushiriki shindano la filamu, nawe hukujua umjibu nini? Wengi wetu huku Mara tukisikia neno filamu tunawaza mambo ya Dar es Salaam. Lakini siku hizi simu ya mkononi inatosha kupiga picha, kunasa sauti na hata kuhariri. Kwa hiyo filamu inaweza kutengenezwa uani kwako, hapo Tarime au Mugumu, na ni vema mama ajue mambo yalivyo kabla hajasema ndiyo au hapana.

Shindano hili ni la namna gani?

Mojawapo ya mashindano yanayojulikana sana duniani ni 48 Hour Film Project. Lilianzia Washington, Marekani, mwaka 2001. Mark Ruppert na mwenzake Liz Langston walitaka kuona kama watu wanaweza kutengeneza filamu inayotazamika kwa siku mbili tu. Tangu hapo limefanyika katika miji mingi, na wengine wameiga mtindo wake.

Ijumaa jioni makundi hukutana. Kila kundi huchagua kwa kura aina ya filamu, labda ya kuchekesha au ya huzuni. Halafu makundi yote hupewa mambo matatu yanayofanana: mhusika mmoja, kifaa kimoja na sentensi moja, navyo ni lazima vionekane na kusikika ndani ya filamu. Hii ni dawa ya udanganyifu, maana mtu hawezi kuleta filamu aliyoitengeneza mwezi uliopita. Kutunga, kuigiza, kupiga picha na kuhariri vyote vinafanyika ndani ya saa 48. Filamu yenyewe ni ya dakika 4 hadi 7.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Shindano hili lote ni haraka! Hata hivyo, nimeona faida zake.

Vijana wetu waliposhiriki

Vijana wa kanisani kwetu walishindana na makundi mengine machache ya Tarime na Serengeti kwa mtindo huohuo. Waliniomba niwe mlezi wao, kwa kuwa mimi ni muuguzi na ni mama. Mhusika tuliyepewa alikuwa shangazi, kifaa kilikuwa kibatari, na sentensi ilikuwa "Usiku bado ni mrefu."

Kabla ya yote niliweka masharti matatu. Wasichana hawatapanda bodaboda usiku; wanaokaa mbali watalala kwa mama mmoja wa jumuiya yetu. Kila mtu atalala angalau saa 6, shindano liwe na lisiwe. Na Jumapili tutasali ibada ya kwanza, kisha ndipo tumalizie kazi. Walinung'unika kidogo, wakakubali. Uji na viazi nilipika mwenyewe.

Saa 3 usiku wakaanza kutafuta hadithi. Mwezi Desemba ulikuwa unakaribia, shule zinafungwa, na kila mama wa huku anajua kuwa likizo hiyo ndiyo wakati ambao wasichana wengi huwa hatarini kukeketwa. Kijana mmoja akasema, "Mama, twende tukamhoji msichana aliyekimbia nyumbani. Asimulie yeye mwenyewe. Tutashinda tu."

Hapo nikawaomba waweke simu chini, tuzungumze.

Uso wa mtoto si mali ya shindano

Niliwauliza: Msichana huyo atatoa ruhusa kwa nani? Kwa kawaida mzazi ndiye anayemsainia mtoto. Lakini huenda huyo mzazi ndiye aliyemkimbia. Je, ndani ya saa 48 mtampata ustawi wa jamii, mkae na mtoto, aelewe, aulize maswali, na awe na nafasi ya kukataa? Nikawaambia pia kuwa video inasambaa kwa simu. Ikionyeshwa Jumapili jioni, Jumatatu asubuhi imefika kijijini kwao. Wadogo zake bado wanaishi pale. Yeye mwenyewe siku moja atataka kurudi kumwona mama yake. Miaka 15 ijayo atakuwa mke na mama wa watoto, na video ile itakuwa bado ipo.

Sikusema hivyo kwa kuwa jambo hili lisitajwe. Mwaka 2018 ilitoka filamu iitwayo In the Name of Your Daughter, ya mwongozaji Giselle Portenier. Inaeleza juu ya wasichana wa Serengeti wanaokimbilia nyumba salama ya Mugumu, na juu ya Bi Rhobi Samwelly anayewapokea, ambaye mwenyewe alikeketwa akiwa msichana na nusura apoteze maisha. Filamu hiyo imewafungua macho watu wa nchi nyingi. Lakini ile ni kazi ndefu, haikufanywa kwa siku mbili. Kinachohitaji miezi ya kujenga uaminifu hakiwezi kukimbizwa kama mbio za magunia.

Basi vijana wakatunga. Shangazi anakuja usiku na kibatari kumchukua binti wa kaka yake. Mama mtu yuko macho, amekaa mlangoni. Hatukuonyesha wembe wala damu. Wanawake wawili tu wanazungumza kwa sauti ya chini, na msichana anasikiliza nyuma ya pazia huku ameukumbatia mfuko wake wa shule. Aliyeigiza msichana ana miaka 20 na alijitolea kwa hiari.

Jumapili mchana umeme ulikatika, betri ya kompyuta ikabaki kidogo sana, tukakimbilia dukani kwa muumini mwenye jenereta. Tulikabidhi zikiwa zimebaki dakika 11. Ushindi wakapata wengine, waliotengeneza filamu ya kuchekesha juu ya mkwe na mbuzi.

Swali la mama mmoja

Baadaye tuliionyesha filamu hiyo ukumbini kwa kutumia shuka jeupe. Watu walipotoka, mama mmoja alibaki anapanga viti ambavyo vilikwisha kupangwa. Akaniambia taratibu, "Nesi, yule wa mlangoni ni mimi. Nikimkatalia wifi yangu, nani atasimama na mimi?"

Mpendwa msomaji, kwa miaka mingi nimefundisha kliniki juu ya kutokwa damu, maambukizi na uzazi wa shida unaotokana na ukeketaji. Akina mama husikiliza, hushukuru, huondoka. Mafundisho yangu yalimweleza madhara, lakini filamu ile ya dakika 6 ilimwonyesha kuwa si yeye peke yake aliyekaa mlangoni. Nilimpa majibu ambayo nawe unaweza kuyahifadhi. Tangu mwaka 1998 sheria inakataza mlezi kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 au kusababisha akeketwe, na adhabu ni kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini, au vyote viwili. Kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116, haina malipo. Kituo cha Masanga, Tarime, na nyumba salama ya Mugumu wamewapokea wasichana wengi. Takwimu za taifa pia zinatia moyo: wanawake wa Mara waliokeketwa walikuwa asilimia 32 katika utafiti wa 2015-16, na asilimia 28 katika ule wa 2022. Akina mama wanaokaa mlangoni wanaongezeka.

Kabla hujatoa ruhusa

Kijana wako akija na habari za shindano kama hili, usimfukuze. Muulize haya:

1. Nani mtu mzima atakayekuwa nanyi usiku na mchana?
2. Mtalala wapi, na mtarudije nyumbani?
3. Hadithi ni ya kutunga, au ni ya mtu anayeishi? Kama ni ya mtu, amekubali bila kushawishiwa, naye anaweza kubadili mawazo?
4. Je, kuna mtoto atakayeonekana? Picha zake zitapelekwa wapi baada ya shindano?
5. Ibada na masomo ya Jumatatu mmeyapangiaje?

Akiwa na majibu mazuri, mpe baraka zako, na ikiwezekana mpikie uji. Asipokuwa nayo, kaeni pamoja myatafute. Shindano jingine litakuja. Lakini mtoto ambaye uso wake umeshasambaa kijijini, hakuna wa kumrudishia siri yake.