Je, Wajua? Breki Si Rafiki Kwenye Njia ya Amani

Je, wajua kwamba kwenye barabara ya msituni kati ya Muheza na Amani, mkoani Tanga, kushuka ndiko kugumu kuliko kupanda? Mvua ikinyesha, udongo mwekundu wa milima ya Usambara huteleza kama mlenda. Ukikanyaga breki ghafla, magurudumu hujifunga na gari huserereka kuelekea korongoni. Dereva mzoefu huingiza gia nzito mapema, akiwa bado juu, magurudumu yote manne yakifanya kazi, kisha huiachia injini izuie mwendo. Mwendo huo wa kobe una zawadi yake: kwenye miamba yenye kivuli huota Saintpaulia, ua dogo la urujuani lililopewa jina hilo mwaka 1893 na ambalo sasa hupamba madirisha ya Ulaya. Litazame, usiling'oe.