Ukipotea Mlimani, Simama Kwanza

Wahenga walisema kwamba kupotea njia ndiko kujua njia. Maneno hayo ni ya kweli, lakini yana sharti moja: aliyepotea lazima arudi nyumbani. Wapo wafanyakazi wa mijini, wanaume kwa wanawake, ambao hukimbia milimani siku za mapumziko ili kuujenga mwili baada ya juma zima la kazi. Jambo hilo ni la kupongezwa. Hata hivyo, njia ya mlimani si barabara ya lami. Huweza kugawanyika nyuma ya kichaka, na mkimbiaji aliyeinamia miguu yake akaipita panda bila kuiona.

Ndugu msomaji, mtu anapogundua kwamba amepotea, moyo humhimiza aongeze mwendo. Huona aibu kurudi nyuma, akajiambia kwamba njia iko mbele kidogo tu. Hapo ndipo hatari huanza.

Mauro Prosperi, askari polisi wa Italia, aliyaona hayo mwaka 1994. Alikuwa katika mbio za jangwani nchini Moroko, ambazo huchukua siku kadhaa. Dhoruba ya mchanga ilipovuma, hakutaka kupitwa na wenzake, akaendelea kukimbia. Dhoruba ilipotulia, hakuona njia wala mtu. Zaidi ya wiki moja baadaye aliokolewa na wafugaji wanaohamahama huko Algeria, zaidi ya kilomita 200 kutoka njia ya mashindano. Alikuwa amekula popo na kunywa mkojo wake. Kilichomsaidia ni utulivu: alipumzika kivulini wakati wa jua kali, akatembea penye ubaridi, tena akishika upande mmoja kwa dira.

Basi ufanyeje? Kwanza, simama. Keti, unywe maji kidogo, kisha ujiulize: mahali pa mwisho nilipokuwa na hakika ni wapi? Ukipakumbuka, na njia uliyojia unaiona, rudi huko taratibu. Usipopakumbuka, tulia hapo ulipo, kwani ni rahisi kumtafuta aliyetulia kuliko anayetangatanga.

Pili, tambua pande za dunia. Simamisha kijiti penye jua, uweke jiwe kwenye ncha ya kivuli chake. Ngoja dakika 20, uweke jiwe la pili kwenye ncha mpya. Jiwe la kwanza liko magharibi, la pili mashariki. Lakini elimu hiyo haitakufaa iwapo hujui nyumbani ni upande gani. Anayepanda milima ya Uluguru, kwa mfano, na ajue kabla ya kuondoka kwamba mji wa Morogoro uko chini yake upande wa kaskazini.

Tatu, usifuate kijito bila kuangalia, kwani maji hupita hata penye maporomoko ambayo mguu wa mtu hauwezi kupita.

Nne, jijulishe kwa watu. Piga filimbi mara sita kwa dakika moja, pumzika dakika moja, urudie. Tuma ujumbe mfupi wa simu, ambao mara nyingine hufika pale ambapo mazungumzo hayasikiki. Kumbuka pia kwamba katika nchi zetu giza huingia upesi baada ya jua kuzama. Ikifika saa kumi na moja jioni na bado hujaiona njia, tafuta pa kujikinga na baridi badala ya kushindana na usiku.

Nanyi mnaobaki nyumbani mna wajibu wenu. Muulizeni anayeondoka anapita njia ipi na atarudi saa ngapi. Saa hiyo ikipita bila habari, msingoje kupambazuke. Toeni taarifa polisi na kwa viongozi wa kijiji kilicho chini ya mlima, kungali na mwanga.