Tulizima mpira tukaangalia msitu

Niambie ukweli: ni lini mara ya mwisho uliona kibanda cha mpira kimenyamaza, na si kwa sababu timu ya wengi imefungwa? Mimi niliona Jumamosi iliyopita, huku Mathare. Mwenye kibanda, ambaye kwa kawaida anakutoza thelathini kabla hujakanyaga mlango, alituachia skrini bure. Vijana wa mtaa wakaweka *Taking Root*, filamu ya 2008 kuhusu Wangari Maathai.

Najua unachofikiria. Yule mama wa miche, wa kitabu cha shule. Hata mimi nilienda nikijua nitasinzia. Shuleni tulikariri Nobel ya 2004, tukaiandika kwenye mtihani, tukasahau. Hakuna aliyeniambia kwamba vita vyenyewe vilikuwa vya kuuliza hii nchi ni ya nani.

Filamu inakupeleka kwanza kwa akina mama wa mashambani waliokuwa wakihangaika na kuni na maji. Green Belt Movement ilianza 1977, na mama alilipwa senti chache kwa kila mche ulioshika. Hapo wasee walikuwa bado kwa simu. Kisha ikafika 1989, serikali ya Moi ikitaka kusimamisha jumba la orofa 60 ndani ya Uhuru Park. Maathai akaandika barua baada ya barua. Wabunge wakamkejeli, hadi ndoa yake iliyovunjika wakaifanya mzaha. Jumba halikujengwa. Mtu nyuma yangu akapiga makofi kama ni bao.

Halafu Karura. Ardhi ya msitu ilikuwa imegawiwa mabwanyenye kimyakimya, na tarehe 8 Januari 1999 Maathai na wenzake wakaenda kupanda miti. Wakapigwa. Yeye akapasuliwa kichwa, akaenda kituo cha polisi cha Muthaiga kuripoti, akatia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Muthaiga, buda! Hapo ng'ambo ya barabara. Kibanda kikawa kimya hadi ungesikia feni. Wanafunzi wa vyuo vikuu waliingia barabarani wakati huo, na nikajiuliza mimi ningekuwa wapi. Niliacha chuo mwaka wa pili kwa kukosa karo, na sijawahi kuandamana kwa ajili ya mti wowote.

Taa zilipowashwa, kijana mmoja akauliza, "Lakini si Karura ni ya mababi?" Tukacheka. Mama mmoja anayeuza mboga hapo stejini hakucheka. Alisema, "Wanangu, msitu uliokolewa, lakini mimi sijawahi kuuingia." Tukainua mikono kuhesabu. Tulikuwa kama arobaini. Waliowahi kuingia Karura walikuwa sita, na wawili kati yao walikwenda kuosha magari ya watu.

Hapa sitakudanganya eti filamu ilimaliza kila kitu. Ua limezuia wanyakuzi, na hilo ni jambo kubwa. Lakini kiingilio cha langoni, hata kikiwa kidogo, kwa familia ya watu watano ni pesa ya unga. Tulifundishwa kwamba kijani kwenye bendera ni ardhi yetu. Katiba ya 2010 nayo, Kifungu cha 69, inaitaka serikali ihakikishe angalau asilimia kumi ya nchi ina miti. Hesabu miti unayoiona ukiwa mlangoni kwako. Mimi naona mmoja, mparachichi wa jirani.

Kwa hivyo mazungumzo hayakukaa Karura. Yalihamia kwa uwanja wetu, ule wa vumbi ambao kila mtoto wa hapa amechubukia magoti. Tangu Desemba nusu yake imezungushiwa mabati usiku, bila bango, bila jina la mtu. Kila mtu alikuwa ameyaona. Kila mtu alidhani kuna mwingine anayeulizia.

Yule mama wa mboga ndiye aliyesema Maathai alianza na barua. Mwenye kibanda akatoa daftari lake la madeni, akachana karatasi mbili za nyuma. Tuliandika majina na nambari za vitambulisho, na waliosita hatukuwalazimisha. Tulifika 23. Barua nimeiandika mimi, kwa sababu eti ndiye mtu wa kublogu, na Jumatatu saa mbili asubuhi tunaipeleka afisi ya ardhi, tukiomba kuonyeshwa rekodi ya hicho kiwanja. Kama unaishi huku na jina lako halipo, daftari liko kibandani hadi Jumapili jioni.