Juma Moja Kando ya Bahari

Kupumzika si kulala tu. Mtu aliyefanya kazi mwaka mzima shuleni, ofisini au karakanani, akijilaza nyumbani siku tatu mfululizo, siku ya nne huamka na uchovu ule ule, kwani macho yake yaona kuta zile zile, na masikio yake yasikia madai yale yale mlangoni. Ndiyo maana jamaa nyingi za Dar es Salaam huvuka maji na kwenda Kigamboni, hupanga nyumba karibu na pwani kwa siku chache, na kujipikia wenyewe.

Bandari hiyo si ngeni kwetu watu wa Kongo. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na kwa mapatano ya mwaka 1921 Wabelgiji walipewa sehemu yao katika bandari zote mbili, ili mizigo ya mashariki ya Kongo ipite huko. Wengi wetu tumevaa nguo zilizopita Dar es Salaam bila kuuona mji wenyewe.

Kigamboni iko ng'ambo ya pili ya mlango wa bandari. Tangu mwaka 2016 kuna daraja refu la mita 680, na mwenye gari aweza kulipita. Lakini mwenye watoto asiwanyime kivuko. Safari ni ya dakika chache tu, nao huona meli kubwa zikiingia, na nyuma yao mnara wa kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya mwaka 1897 na 1902.

Faida ya kujipikia ni rahisi kuieleza. Hoteli hulipwa kwa chumba na kwa sahani. Jamaa ya watu wanane hula mshahara wote kwa siku mbili. Nyumba hulipwa mara moja kwa usiku, wakilala wawili au wanane. Ila kabla ya kutoa fedha, uliza vizuri. Je, kuna jiko la mkaa au la gesi? Kuna sufuria za kutosha, na mbuzi ya kukunia nazi? Vyandarua havikutoboka? Tena uliza habari za maji, kwa maana visima vingi vya karibu na pwani vina maji ya chumvi: yafaa kuoshea vyombo, lakini chai yake hainyweki. Maji ya kunywa mchukue ninyi wenyewe.

Samaki hununuliwa asubuhi Feri, sokoni karibu na kivuko upande wa mji, kabla ya kuvuka. Huko huuzwa kwa mnada, na mgeni asiyejua bei heri asimame kwanza atazame. Changu, kibua, ngisi, pweza, wote wapo. Samaki mpya ana macho yang'aayo na mashavu mekundu ndani; mwenye macho yaliyofifia mwachie mwingine. Akina mama wa kwetu waliozoea mawese watapenda kujaribu nazi. Tui jepesi huchemshwa kwanza pamoja na samaki, nyanya na ndimu. Tui zito hutiwa mwisho, moto ukiwa mdogo, na hukorogwa polepole lisikatike.

Hapa pana jambo ambalo akina baba wengi hulipita wakiwa wamefumba macho. Ikiwa mama ndiye aamkaye alfajiri kuwasha mkaa, ndiye aparuaye samaki na ndiye aoshaye sufuria usiku, basi yeye hakupumzika hata kidogo. Amehamisha jiko lake tu. Baba na wana wa kiume na waparue samaki. Mkubwa akune nazi, wadogo wateke maji. Siku nyingine chakula kiwe mihogo ya kuchoma na matunda, watu wasife njaa wala mama asishike mwiko. Najua wazee wengine watacheka. Wacheke, mabaharia wa majahazi hujipikia chomboni miaka yote, wala hakuna awadharauye.

Jambo jingine lawahusu hasa watoto wa ziwani, waogeleao tangu utoto na kudhani kwamba maji yote ni mamoja. Ziwa Tanganyika halitoki mahali pake. Bahari hutoka na kurudi. Kwa kuvutwa na mwezi na jua, maji hujaa yapata saa sita, kisha hupwa yapata saa sita, mara mbili kila siku, na kila siku huchelewa karibu dakika 50 kuliko jana. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua: hapo tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika kama mita tatu. Mtoto hufuata makombe mchangani hadi mbali, hainui kichwa, na maji huingia kwa vijito nyuma yake kabla hajatambua. Basi waulizeni wavuvi kila asubuhi saa ya maji kujaa, na mtu mzima mmoja awe pwani daima, si barazani. Penye miamba wavae viatu, kwa ajili ya wale wanyama weusi wenye miiba. Tena mtoto akiokota bunju, yule samaki ajivimbishaye kama mpira, asimlete jikoni: sumu yake haiishi kwa kupikwa.

Miezi ya Juni hadi Septemba ina hewa ya baridi kidogo, na pepo za kusi huvuma kwa nguvu. Leteni shuka nzito. Machi hadi Mei ni masika, na njia za mchanga hugeuka matope. Mkichagua kurudi Jumapili jioni, fikeni kivukoni mapema, maana mji mzima huwa warudi saa ile ile.