Uji wa Lishe Ukimkataa Mtoto

Kama una mtoto wa miezi saba, nane hivi, hapa kwetu Kolandoto au popote pale, bila shaka kuna kopo la unga wa lishe jikoni kwako. Mahindi, mtama, ulezi, soya, karanga, vyote vimesagwa pamoja. Tunaona ndiyo mapenzi yenyewe. Lakini siku mtoto akitokwa vipele na kutapika dakika chache baada ya kikombe cha uji, unga huo unageuka fumbo: kati ya hivyo vitano, kipi kimemkataa?

Kwetu ilitokea mara mbili ndani ya wiki moja, na mara ya pili mdomo ulivimba. Mume wangu yuko mgodini Geita, anarudi kwa zamu. Kwenye simu akasema tuache vyote, mtoto abaki na maziwa yangu tu. Mama mkwe akasema eti ni meno hayo. Si unajua tena, wewe mama ndiye unabaki katikati!

Daktari hakukubaliana na yeyote kati yao. Mtoto akishavuka miezi 6, maziwa ya mama peke yake hayamtoshi, na utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Akatuambia tuandike kila anachokula, saa ngapi, na kilichofuata. Aleji ya namna hii kwa kawaida hujitokeza haraka, ndani ya saa 2. Kuharisha siku ya pili yake huenda ni maji tu.

Daftari ndilo lililosema. Mtama mtupu, salama. Ulezi, salama. Mahindi, salama. Soya alionjeshwa hospitalini, mbele ya daktari, salama. Na ile mara ya pili hakunywa uji kabisa. Bibi alimlisha ugali laini na nsansa. Nsansa imeungwa kwa nini? Karanga.

Sasa jamani, Usukumani utaikwepa wapi karanga? Iko kwenye mlenda, iko kwenye kisamvu, na kinu ni kile kile. Nikamwendea mama mkwe na daftari langu, nikapiga goti: "Mayu, naomba unisaidie kumlinda mjukuu wako." Akasoma kimya. Kesho yake akanunua kinu kingine kidogo, na ole wake atakayekigusa.

Lakini usimnyime wako karanga kwa kusikia habari za wangu. Utafiti wa London uliotolewa 2015, kwa watoto 640 waliokuwa kwenye hatari kubwa ya aleji, ulionyesha kwamba walioanza karanga mapema, ikiwa laini, walipata aleji hiyo kwa kiwango kidogo mno kuliko walionyimwa. Aliyekwisha kuvimba ni kesi nyingine: usimjaribu nyumbani. Na akianza kupumua kwa shida, kuvimba ulimi au kulegea, kimbia hospitali, anahitaji sindano ya adrenalini. Dawa ya maji ya vipele haitoshi.

Bado tunasema "tunashuku", maana vipimo vyenyewe tunavifuata Mwanza. Baba mtu amebadilishana zamu na mwenzake ili twende wote. Mama mkwe naye amesema anakuja, daftari atalibeba yeye.