Wavulana waliokimbilia maji na siri ya kivuli pichani

ANAYEJIFUNZA kupiga picha huonywa mapema asielekeze kamera yake upande wa jua. Onyo hilo lina mantiki, kwani mwanga ukitoka nyuma ya mtu, mwili wake huzama kivulini asiweze kutambulika. Hata hivyo, mojawapo ya picha zilizobadilisha upigaji picha wa maisha ya kila siku katika karne ya 20 ilikiuka kanuni hiyo waziwazi.

Ilipigwa mnamo mwaka wa 1930 hivi na Martin Munkácsi, Mhungaria aliyefanyia kazi magazeti ya picha mjini Berlin. Wavulana watatu, uchi wa mnyama, wametupa kisogo wakitimua mbio kuingia majini. Imezoeleka kuitwa picha ya Ziwa Tanganyika, ingawa wapo wanaoitaja kuwa ya Liberia.

Siri yake ni hii. Filamu nyeusi na nyeupe haiwezi kuhifadhi kwa pamoja mng'aro mkali wa maji na undani wa ngozi iliyo kivulini. Mpigapicha hana budi kuchagua. Munkácsi aliyachagua maji: povu likabaki jeupe, ilhali miili ya vijana hao ikageuka karibu weusi mtupu. Jicho la mtazamaji, likikosa sura ya kushikilia, hufuata mikono iliyorushwa na miguu iliyo hewani. Kinachosalia ni mwendo. Lau picha ingekuwa ya rangi, nadhani buluu ya maji ndiyo ingetushughulisha kwanza.

Matumizi ya kivuli kwa namna hii hayakuanza naye. Mnamo 1915, Paul Strand aliwapiga picha wapita njia wa Wall Street, New York, wakiwa wadogo mno chini ya madirisha meusi ya jengo la benki. André Kertész naye, mnamo 1928, alitosheka na uma ulioegemea sahani pamoja na kivuli chake.

Lakini ni wale wavulana waliomgusa Henri Cartier-Bresson, Mfaransa aliyekuwa amesomea uchoraji. Alikiri baadaye kwamba picha hiyo, aliyoiona mapema katika miaka ya 1930, ndiyo iliyomchochea kushika kamera na kwenda mitaani. Mnamo 1932, nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare jijini Paris, alimnasa mwanamume akiruka dimbwi, kisigino chake kikikaribia kugusa maji. Naye ni umbo jeusi tu, lililojirudia majini.

Cartier-Bresson alifariki mwaka wa 2004 akiwa na sifa dunia nzima. Anwani ya picha iliyomwamsha haitaji jina la mvulana hata mmoja. Hata picha hiyo isafishwe upya mara ngapi, wale watatu wataendelea kukimbia wakiwa wametupa kisogo.