Chai ya Rubavu na kipimo cha kiwanda kisichopoteza

KANAMA, Rubavu – Jani la chai likishachumwa halimngoji mtu. Likishindiliwa ndani ya gunia na kuachwa kando ya barabara kusubiri gari, hupata joto na kuanza kuwa jekundu kabla halijafika kwenye mizani. Katika wilaya hii yenye kiwanda cha chai cha Pfunda, kila mkulima anajua kwamba ubora uliopotea hapo haurudishwi na mashine yoyote.

Ni sehemu nzuri ya kuuliza swali linalosumbua viwanda vingi vya Afrika Mashariki: utajuaje kama kiwanda kweli kinafuata uzalishaji usio na upotevu, ule uliozaliwa Toyota, Japani, chini ya mhandisi Taiichi Ohno?

Ohno alitaja aina saba za upotevu, kusubiri ikiwa mojawapo. Ethiopia ilianza majaribio ya kaizeni mwaka 2009 kwa msaada wa Japani, Tanzania ikafuata viwandani mwaka 2013. Watanzania wamezipa S tano majina yao wenyewe: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia.

Tatizo ni kwamba S tatu za mwanzo hupimika kwa macho. Mkaguzi huona sakafu iliyofagiwa, mistari ya rangi na mabango ukutani, akatoa alama za juu. Lakini usafi ni mlango tu. Kipimo kigumu zaidi ni saa: jani lilichumwa lini, lilipimwa lini, lilitandazwa lini kwenye kitanda cha kunyaushia? Mfanyakazi akiona kasoro, anaruhusiwa kusimamisha mashine bila kumwogopa msimamizi? Na daftari la kasoro, linasomwa na nani?

Hesabu yenyewe haina huruma. Kilo moja ya chai iliyokaushwa huhitaji kilo nne hadi tano za majani mabichi. Kwa hiyo kila tani ya majani yaliyoungua njiani ni zaidi ya kilo mia mbili za chai nzuri zisizofika sokoni. Na kwa kuwa tangu mageuzi ya 2012 bei ya jani bichi nchini Rwanda hufungamanishwa na bei ya chai iliyokaushwa, hasara hiyo haiishii kwa mwenye kiwanda. Humfikia mkulima pia.

Hata hivyo, dodoso la kiwanda cha magari haliwezi kuhamishwa hapa jinsi lilivyo. Toyota huunda gari kwa kufuata oda. Chai hufuata mvua. Masika yakikolea, majani humiminika yote kwa wakati mmoja, na kiwanda hakiwezi kuuambia mchai usubiri. Kukiadhibu kwa mrundikano wa siku hizo ni kukionea. Haki ni kukipima kwa namna kilivyojiandaa: ratiba ya kuchuma kwa zamu, magari ya kutosha, boila iliyofanyiwa matengenezo wakati wa kiangazi.

Halafu kuna safari ndefu ya baada ya geti. Chai ya Rwanda, ambayo mara nyingi huongoza kwa bei mnadani Mombasa, huvuka mipaka kabla ya kuonjwa na wanunuzi. Himaya Moja ya Forodha, iliyoanza 2014, ilikusudiwa kupunguza kusimama huko mipakani. Lakini madodoso mengi ya ukaguzi huishia kwenye geti la kiwanda, na siku ambazo gunia hulala njiani au ghalani hazimo katika alama za mtu yeyote.